Kilichokuwamo Katika Supu ya Jumamosi

Rumonge, Jumatatu asubuhi

Sudi,

Nimeanza kwa jina lako tupu. Niliandika "Mpendwa" nikalifuta, nikaandika "Ndugu yangu" nikalifuta pia, ingawa kwa miaka kumi na mmoja ndivyo tulivyoishi. Ukifika mwisho wa barua hii utaelewa. Naandika "ukifika" kana kwamba nina pa kuipeleka. Nina daftari la shule lenye mistari na kalamu ya bluu. Nikiandika ukurasa mmoja, napumzika mpaka pumzi irudi.

Kuna jambo nililokuficha miezi mitano ya mwisho ya uhai wako. Nimekaa nalo mwaka mzima baada ya kukuzika. Daktari amesema moyo wangu umechoka na maji yamejaa miguuni. Hakutaja siku, ila zamani alikuwa akiniandikia dawa za mwezi na safari hii ameandika za wiki mbili. Kabla ya wiki hizo kwisha lazima nimwambie binti yako, Zuhura. Unamjua alivyo. Tangu ulipoondoka ananiletea uji kila mchana akitoka sokoni kuuza mawese, ananifulia shuka, ananikata kucha. Ananitendea haya kwa sababu ya jinsi anavyodhani nilikutendea wewe. Nikimwambia kweli hatarudi, na hakuna mwingine anayeingia humu. Wanangu wawili wako mbali na wana maisha yao. Nimekuwa nikisema "kesho" tangu mwezi uliopita.

Ngoja kwanza nikupe habari, maana ulipenda habari kabla ya mazungumzo.

Ziwa limepanda tena. Kibanda chako cha kutengenezea taa kimebaki paa tu na nguzo mbili, na samaki wadogo wanapita pale ulipokuwa ukinyoosha miguu. Wavuvi hawatafuti tena fundi wa karabai, wote wamenunua taa za betri zenye mwanga mweupe, na ndagala, dagaa wa huku kwetu, wanazifuata vilevile. Koleo zako na zile sindano za kuzibulia mafuta Zuhura amezifunga katika gunia. Mtu wa Kabonga alikuja kuzitaka, akamwambia haziuzwi. Msikitini wamebadilisha mikeka. Mimi sitoki tena. Naliona ziwa kwa dirisha, na hata dirishani sikai sana kwa sababu ya upepo.

Resitora ya Tuan, ile ya supu yetu, nayo imehama. Maji yaliingia jikoni mvua zilizopita, ukuta wa nyuma ukalala. Wamepanda juu, kwenye njia ya Kizuka, chumba kimoja chenye meza tatu. Watu bado wanamwita Mushinwa, yaani Mchina, na mkewe Espérance bado anawasahihisha.

Siku ya kwanza ulikuwa wewe uliyenipeleka pale. Ulipita kwangu umevaa kofia yako ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumamosi, ukasema, "Mwalimu, vaa viatu. Kuna Mushinwa amefungua resitora karibu na maji. Wanasema anapikaka majani kama ya mbuzi, na watu wanalipa." Tukaenda. Tulikuta meza nne, kitambaa cha plastiki chenye maua, mama yake Espérance amekaa mlangoni anachambua mnanaa na kotimiri. Tuan mwenyewe alikuwa amekuja nchini na kampuni ya simu, kazi yake kupanda minara. Mkataba ulipokwisha wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kwa ajili ya huyu binti wa Kizuka, na akarudia kazi ya bibi yake, ya kupika supu.

"Karibuni, bazee," Espérance alisema. "Ila yeye si Mushinwa. Kwao iko Vietnam."

"Pardon, mama," ukamjibu. "Na Vietnam iko mbali na Shina?"

"Wako jirani."

"Basi iko kama sisi na Congo. Ukituita Bakongomani hatukasirikake, tunauliza kwanza kama kuna chakula."

Alicheka mpaka akamwita mumewe, akamtafsiria. Kisha wewe ukaacha utani. Ukaweka kiganja mezani ukauliza taratibu, "Mama, unisamehe. Ndani iko ngurube?" Tuan hakungoja tafsiri, neno hilo la nguruwe alikuwa amekwisha kulijua kwa Kirundi. Alikushika mkono akakuingiza jikoni, akafunua sufuria kubwa, akachovya ndoano ya chuma na kuinua goti la ng'ombe, jeupe, refu kama mkono wangu. Espérance akasema mifupa yote inatoka bucha ya Juma, yule mchinjaji wenu wa sokoni. Ulilitazama lile goti, ukatikisa kichwa kama hakimu, ukarudi kukaa. Ndivyo ulivyokubali kula pale: uliona kwa macho yako.

Na supu yenyewe. Sijui kama nitaionja tena, lakini naweza kuiandika. Bakuli pana, mchuzi mwepesi unaoona chini yake, tambi za mchele zimelala kama uzi uliofunguliwa, nyama imekatwa nyembamba mpaka inaiva kwa moto wa mchuzi peke yake. Tangawizi na kitunguu alivichoma kwanza juu ya makaa. Kulikuwa na mdalasini, na kile kiungo chenye umbo la nyota alichokuwa akiletewa kutoka Bujumbura. Majani yalikuja katika sahani ya pembeni, na ndimu, na pilipili. Chumvi hakutia; alitia maji ya ndagala aliowalaza kwa chumvi ndani ya pipa mwaka mzima, ambayo majirani walimpelekea mkuu wa mtaa malalamiko juu ya harufu yake, na mkuu wa mtaa alipokuja akakaa akala mabakuli mawili.

Vijiti ulivijua siku ileile. Vidole vilivyozoea kushika sindano ya karabai havikupata taabu. Mimi tambi ziliniponyoka zikaanguka kwenye shati. "Mwalimu," ulisema, na meza ya pili walisikia, "umefundisha watoto wote wa kambi kushika kalamu, leo viti viwili vya mbao vinakushinda." Uliita vijiti viti kwa makusudi, ili Espérance acheke tena. Akaniletea kijiko. Kwa miaka yote ile aliniletea kijiko kabla sijaomba.

Unajua nilirudi hapa nikiwa nani. Nilitoka Tanzania mzee tayari, nimemzika mke wangu Marita kule kambi ya wakimbizi, na masanduku mawili ya vitabu. Walionijua kijana walikuwa wamekufa au wamehama. Niliyekutana naye barabarani akanijibu salamu alikuwa wewe. Ulinisikiliza nikiuliza njia, ukasema, "Wewe unaongeaka kama redio," kisha ukanisindikiza mpaka nilipokuwa nikienda. Babu yako alikuja na mitumbwi kutoka ng'ambo, mimi nilikimbia nikiwa kijana nikarudi na mvi, wewe msikitini, mimi kanisani. Hatukuwa na sababu ya kujuana. Jumamosi zikatujulisha. Ulitoka sala ya adhuhuri, nikakukuta pale kwa Tuan, tukakaa mpaka alasiri. Jumapili mpaka Ijumaa nilikuwa nasoma, nalala, nazungumza na redio. Nilikuwa na siku moja katika wiki.

Nilijua pia jinsi ulivyolishika lile katazo la nguruwe. Unakumbuka arusi ya mwanafunzi wangu kule Kigwena. Tulikaa mbele pamoja na wazee, soda zikaletwa, na upepo ukageuka ukaleta moshi wa nyama kutoka nyuma ya nyumba. Uliweka soda chini bila kuifungua. Nilikukuta barabarani umekaa juu ya jiwe. "Sina ubaya na mutu," ulisema. "Wale ni watoto wetu. Lakini siwezi kukaa mahali harufu yake inaniingia mu nguo. Wewe rudi ule, mimi nitakungojea." Nilirudi nikala, nawe ulingoja, na tuliporudi njiani hukunilaumu kwa neno.

Sasa nafika.

Ulikuja ule ugonjwa wa ng'ombe. Ikakatazwa kuwahamisha, kisha kuwachinja, na Juma akafunga bucha yake. Tuan akajaribu kuku wiki mbili, mchuzi ukawa maji, watu wakaanza kupita bila kuingia. Alhamisi moja mchana Espérance alikuja hapa kwangu. Alileta ndizi, akakaa ukingoni mwa kiti. Aliniambia mumewe ameanza kununua miguu na mifupa ya nguruwe kwa watu wa milimani wanaofuga, na kwamba kila anayeingia anaambiwa mlangoni. Wewe peke yako ulikuwa hujaambiwa.

"Mwalimu, mimi siwezi kumutazama mzee Sudi nikamwambia kitu kama hiyo," alisema. "Niko mutoto kwake. Wewe uko rika yake. Mumwambie polepole. Akikataa, Tuan amenunua sufuria mupya, atamupikia samaki peke yake. Na akisema hawezi kuingia kabisa, tutaelewa, hatutakasirika."

Alifanya kama inavyofanywa kwetu. Neno zito la mzee halipelekwi na kijana. Linapitia kwa mwenzake wa umri, naye analichagulia saa na mahali. Hakukosea mahali popote. Nilimwambia, "Nenda na amani, nitamwambia."

Jumamosi nilitangulia. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Ukaingia unacheka tangu mlangoni, kuna mama alikuletea taa ya marehemu mumewe, haikuwaka kwa miaka, ukaiwasha, na yule mama akaketi palepale chini akalia, ukashindwa kujua ufanye nini, ukampa kofia yako ajifutie machozi. Ulikuwa kichwa wazi kwa hiyo. Ulinieleza yote na mikono. Espérance alisimama karibu na pazia la jikoni akanitazama. Aliuliza kwa macho kama nimekwisha kusema.

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

Hicho ndicho nilichokifanya, Sudi. Sikusema uongo kwa mdomo. Nilishusha kidevu mara moja, basi. Akaenda akaleta mabakuli mawili. Ukasema bismillahi. Ukala, ukidhani bado ni ule mchuzi wa kuku. Ulipofika katikati ulisema, "Mwalimu, leo mchuzi iko na mafuta muzuri."

Nimejaribu kujitafutia sababu yenye uzito. Haipo. Nilikwisha kujiambia kwamba samaki wa sufuria mpya utamkataa, kwamba hutaingia tena katika nyumba ile, kwamba utakwenda kula wali na maharage kule kwa Waswahili wenzako, na mimi nitabaki na Jumamosi iliyo kama Jumanne. Nilijibu kwa niaba yako bila kukuuliza. Nilikuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, niliyefundisha watoto maana ya amana, na nikaogopa kukaa peke yangu mezani.

Nilijiambia ni Jumamosi ile moja tu, wiki ijayo nitasema. Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningeanza na ile iliyopita. Ukawa mwezi. Mwezi wa pili niliacha kupanga maneno.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo, na hili hakuna anayelijua. Wale watu walidhani unajua. Tangu siku ile Espérance alikuhudumia macho yakiwa chini. Alikuwekea bakuli ubavuni, akavuta pazia la upande wa barabara ili wenzako wanaotoka msikitini wasikuone. Alikuwa anakusitiri. Ukaniuliza, "Huyu mama ana nini siku hizi? Ananifichaka kama mwizi."

Nikakujibu, "Anakuzibia jua."

"Murakoze, mama, jua la leo iko kali," ukamshukuru kwa sauti, na akainamisha kichwa zaidi. Kwa miezi mitano ulikaa katika nyumba ile ukiheshimiwa kama mtu anayevunja dini yake kwa siri, na wewe ukidhani unakingwa jua.

Halafu ukaugua. Koo likafunga, chakula kikakushinda. Zuhura alikuja mbio hapa akasema, "Baba Mwalimu, hakuli kitu. Anaomba supu ya Vietnam tu." Ningeweza kwenda kwa Tuan nikamwambia apike ile ya samaki. Nilisimama mlangoni pake na neno hilo mdomoni. Lakini angeniuliza kwa nini leo, na ingejulikana kwamba sikupeleka ujumbe. Kwa hiyo nilinyoosha termosi, akaijaza kutoka sufuria ileile. Niliibeba mpaka kwako siku tisa. Wakati ule miguu ilikuwa bado inanitii.

Siku ya tisa ulikunywa vijiko vitatu. Nilikushika kichwa. Ulisema, "Iko moto bado. Umetembea mbio, Mwalimu, utaanguka." Baadaye shehe aliingia, mimi nikatoka nje, nikasikia unatamka shahada baada yake, polepole, neno kwa neno. Ulitamka kwa mdomo niliotoka kuulisha mimi.

Kaburini walinishukuru. Shehe alinitaja mbele ya watu, kwamba rafiki ni yule aliyemlisha mwenzake mpaka siku ya mwisho ingawa hawasali pamoja. Zuhura aliubusu mkono wangu wa kulia. Wiki tatu baadaye ng'ombe wakaruhusiwa, Juma akafungua bucha, na Tuan akarudia mifupa yake ya zamani. Wiki tatu tu. Nilipokwenda kumsalimu, Espérance alinikalisha peke yangu kwenye meza yetu akasema, "Mzee Sudi alikuwa mutu mwema. Mwingine angetupigia kelele. Yeye alikula akanyamaza, hakutuaibisha." Alikuwa anakusifu. Niliinama juu ya bakuli nikala, na sikukutetea. Sikurudi tena kule.

Nimekwenda kwa padri. Alinisikiliza, akanipa sala, nikazisali zote, na nilipomaliza nilijiona kama mtu aliyefunga kitambaa kwenye kidole chake wakati anayetoka damu ni mwenzake. Mwezi uliopita, kabla miguu haijanikataa kabisa, nilikwenda kwa shehe wako. Nilimweleza habari za mtu fulani ninayemjua, aliyemficha Mwislamu jambo kama hili. Akasema aliyekula bila kujua hana lawama mbele ya Mungu, ni safi kama alivyokuwa. Hapo moyo ulinitulia kwa ajili yako, Sudi, na nataka ulijue hilo. Kisha akasema anayejua ndiye mwenye mzigo, na kwamba haki ya mtu husamehewa na mtu mwenyewe. Akaniuliza, "Huyo aliyeficha bado yuko hai?"

"Yuko," nikasema. "Si kwa muda mrefu."

"Basi aende kwa watu wa marehemu, aseme kweli yote, halafu anyamaze. Asiwaombe kitu." Alinisindikiza mpaka barabarani amenishika mkono. Nadhani alijua.

Leo Zuhura atakuja saa saba. Naweka kalamu chini.

Ijumaa

Jumatatu sikumwambia. Jumanne alikuwa na haraka, Jumatano nililala. Jana nilimwambia.

Aliingia na kikapu, akamimina uji katika kikombe cha bati, akasema, "Baba Mwalimu, kunywa kwanza, itapoa." Nikamwambia akae. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe hapa, tangu Espérance alipoleta ndizi mpaka siku ya tisa. Sikuruka. Alisikiliza amefumba mikono katika kanga, anatazama sakafu. Nilipomaliza, nje wanawake walikuwa wakibishana bei ya sabuni.

"Na ile ya mwisho pia?" akauliza.

"Na ile."

"Ilibaki nusu termosi. Niliimaliza mimi. Nilisema ni baraka ya baba, nisiimwage."

Hilo sikulijua. Nilifungua mdomo, nikakumbuka shehe alivyosema, nikaufunga.

Kisha akasema jambo jingine, na alilisema bila ukali, kama mtu anayesahihisha tarehe. "Baba hakuipendaka sana ile supu. Alisema inanuka dawa kama pharmacie. Alikuwa anaenda kwa ajili yako. Kila Ijumaa nilimwambia, muite Mwalimu ale hapa kwetu, nitawapikia. Anasema hapana, Mwalimu anapenda kule, ndiko anakochekaka. Na alipougua hakutaka supu. Alitaka wewe uje. Alijua ukiwa na kitu cha kuleta, utakuja."

Nikamwuliza kwa nini ulikuwa ukisema ni tamu.

"Ungefurahi aseme nini?"

Alisimama. Kikombe kilikuwa bado kimejaa, hakukichukua. Alikunja shuka alilokuwa amelianika, akaliweka juu ya kitanda kama kila siku. Mlangoni akasema, "Ungeniambia mimi, Baba Mwalimu. Hata kama yeye ulimuogopa. Mimi najua kupika samaki." Akatoka. Alifunga mlango polepole.

Leo hakuja. Uji wa jana umeganda juu, sikuumwaga.

Jumatatu tena

Siku nne sasa. Jirani yangu, mama wa nyumba ya pili, ananiletea maji na ndizi ya kuchemsha, anaweka kando ya kitanda. Nimeandika mistari hii kwa vipande, neno hapa, neno pale.

Nilikuwa nimefikiri kwamba nikisema nitapata wepesi. Sikupata. Nimejua tu kwamba ningekuwa na Jumamosi zangu zote, mkekani kwako, sahani moja, na Zuhura anatucheka. Nilikuwa nazo tayari mkononi, na nilikulisha kile kitu ili nisizipoteze. Kuna saa nikiwa nimelala nafanya hesabu hiyo upya na inatoka vilevile.

Sikuombi unisamehe. Shehe alisema nisiombe kitu, na naona alisema kweli. Mtu aliye chini ya udongo hawezi kukataa, kwa hiyo si haki kumwomba.

Lakini kuna mambo mawili ninayoweza kuyafanya kwa muda uliobaki, na nakuahidi hayo. Nimemtuma jirani aende njia ya Kizuka amwite Espérance na mumewe. Wamesema watakuja kesho asubuhi kabla ya kuwasha moto. Nitawaambia kwamba hukuwahi kuambiwa, kwamba yule mzee waliyemvutia pazia alikuwa mtu wa dini yake mpaka mwisho, na aliyewadanganya alikuwa mimi. Nikishindwa kuongea, watasoma. Kurasa zile za katikati nimezikunja pembe. Baada ya hapo daftari hili ni la Zuhura, kama atalitaka. Kama hatalitaka, nimesema lichomwe.

La pili ni hili. Zuhura sitamwita. Sitamtumia salamu, wala kumwambia mtu kwamba nimezidiwa ili habari imfikie. Akija, atakuja kwa miguu yake na kwa sababu yake. Asipokuja, yuko sawa.

Karatasi imekwisha upande huu, na mkono nao. Pumzika, Sudi, mahali pako ni safi, aliyesema hivyo ni mtu anayejua dini yako. Mimi sidhani tutakuwa upande mmoja, na sikuandikii ili unitafutie nafasi.

Jirani alipokuja sasa hivi na maji nilimwambia karatasi hii ya mwisho aichane kabla daftari halijatoka humu, kisha nikampa neno moja la mwisho la kushika. Nimemwambia siku nitakapokufa, watu watakapokuwa wanakusanyika na Zuhura akiwa miongoni mwao, amwambie nilikuwa nalala muda mwingi na sikuuliza habari za mtu. Asimwambie kwamba kila ifikapo saa saba nilikuwa namwomba anigeuze niutazame mlango.

Zakaria